Daftari linalojibu

Muulize msaidizi yeyote wa akili mnemba jinsi mwani unavyolimwa, naye atakujibu vizuri. Atazitaja aina mbili zinazolimwa zaidi katika bahari za joto, spinosamu na kotonii. Atakueleza habari za vijiti na kamba zinazofungwa kwenye kina kifupi, na kwamba Indonesia na Ufilipino ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa zao hili. Kisha muulize kwa nini wanawake wengi wa Paje, Zanzibar, waliachana na kotonii ilhali ndiyo yenye bei nzuri, na walijaribu nini kabla ya kuiacha. Hapo utaona jibu linarefuka, linapangika, linapendeza, na Paje yenyewe haimo.

Sababu haina siri. Modeli hizi hufundishwa kwa maandishi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mengi yaliyojulikana tangu siku hizo yamo vichwani mwa wanawake wanaoingia baharini maji yanapotoka. Mengine yamo kwenye madaftari ya maafisa wa uvuvi, kwenye ripoti za warsha zilizochapwa nakala chache, na siku hizi kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hayajapanda intaneti, kwa hiyo hakuna mashine iliyoyasoma. Ukiuliza habari za minazi ya Mafia, maziwa ya ngamia wa Marsabit au mashamba ya karafuu ya Pemba, mambo ni yale yale: ya jumla yapo tele, ya mahali penyewe hayapo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa mtu anayefanya kazi kwa Kiswahili, faida kubwa ya teknolojia hii inatokana na uwezo wake wa kusoma yale unayoyajua wewe. Mwandishi wa London anaweza kuridhika na kile mashine inachokijua tayari, maana mji wake umeandikwa mara elfu. Sisi wengine tukitaka majibu yenye kichwa na miguu ni lazima tuiwekee mbele maandishi yetu wenyewe. Basi makala haya ni ya jinsi ya kuyaandaa maandishi hayo, jinsi ya kuyaunganisha na msaidizi, na mipaka ya kumwekea.

Wazo la kuwa na hazina ya maandishi yanayojibu maswali lina umri mrefu kuliko kompyuta za mezani. Julai 1945, Vannevar Bush, mhandisi aliyesimamia utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha katika jarida la The Atlantic makala iliyoeleza mashine aliyoiita memex. Ingekuwa meza yenye filamu ndogo ndogo za vitabu na barua za mtu mmoja, na mwenye meza angeweza kuunganisha karatasi moja na nyingine ili siku akiifungua hii, ile nayo imfuate. Meza hiyo haikuwahi kutengenezwa. Lakini hoja yake, kwamba akili ya mtu hukumbuka kwa kuunganisha jambo na jambo na haifuati orodha ya alfabeti, ndiyo iliyokuja kuzaa viungo tunavyobofya leo.

Aliyelitekeleza wazo hilo kwa mikono yake ni Mjerumani Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld. Tangu miaka ya 1950 hadi karibu na kifo chake mwaka 1998 alijaza makasha ya mbao kwa vipande vya karatasi vipatavyo 90,000. Kila kipande kilibeba wazo moja, kilikuwa na namba yake, na kilitaja namba za vipande vingine vinavyohusiana nacho. Hakuvipanga kwa mada. Kipande kipya kilikaa nyuma ya kile kinachokigusa, na kama kulikuwa na kingine hapo, namba iliongezewa herufi. Mwaka 1981 aliandika insha akieleza kwamba makasha yale yalikuwa mwenzake wa kuzungumza naye, kwa sababu yalimrudishia mawazo aliyokwisha kuyasahau, tena yakiwa yamekaa jirani na mengine asiyoyatarajia. Alitoa makumi ya vitabu kwa njia hiyo. Nikiangalia programu za leo naona kwamba kazi ngumu aliimaliza yeye, nayo ni kuandika kila kipande kwa namna ambayo kitaeleweka kikisomwa peke yake miaka ishirini baadaye.

Hilo la kueleweka peke yake ndilo linalowashinda wengi, na kwetu Pwani tuna mfano wake mkubwa. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikabaki vinywani mwa watu. Karne ile ilipokaribia kwisha, Mwalimu Sikujua alizikusanya na kumpa mmisionari Mwingereza William Taylor, pamoja na maelezo yake. Diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940 chini ya William Hichens. Shairi la kujibizana likikosa mtu wa kusema lilimlenga nani na kulikuwa na ugomvi gani mjini, linabaki sauti nzuri isiyo na maana kamili. Nasi tunaandika hivyo hivyo kwenye simu zetu kila siku: “Amekataa. Arudi Ijumaa.” Nani amekataa? Nini? Ijumaa ya mwezi gani? Mwenyewe utakumbuka wiki mbili. Msaidizi hatakumbuka hata dakika moja, kwa kuwa hakuwepo.

Hiki hapa ni kipande kimoja kutoka folda yangu ya mwani.

Jina la faili: Kotonii hufa kaskazi, Paje.

“Paje, 11 Februari 2024, bamvua, maji yakitoka. Mkulima mwanamke, miaka hamsini na kitu, analima tangu msichana. Amesema: kotonii yake hufa miezi ya kaskazi maji yanapopata moto; ncha hugeuka nyeupe, kisha hukatika kamba ikiguswa. Alishauriwa aipeleke kwenye kina kirefu; hana chombo na hajui kuogelea, akaacha. Spinosamu inastahimili zaidi ila bei yake ndogo. Nimeona mwenyewe: kamba mbili zenye ncha nyeupe. Sijathibitisha: bei aliyoitaja, bado kumuuliza mnunuzi. Tazama pia: joto la maji; mafunzo ya kuogelea; wanunuzi wa Unguja.”

Kipande ni kifupi, na kila sehemu yake ina kazi. Jina la faili linasema jambo kamili, hivyo hata orodha ya majina peke yake inasomeka. Mahali na tarehe vimo ndani ya maandishi yenyewe, maana tarehe ya kompyuta inaweza kubadilika ukinakili faili kwenda flashi. Yaliyosemwa na mkulima yametengwa na niliyoyaona kwa macho, na yasiyothibitishwa yametajwa kwamba hayajathibitishwa. Hakuna programu itakayokufanyia utenganisho huo baadaye. Ukichanganya uliyoambiwa na uliyoyaona, msaidizi atayachukua yote kwa uzito mmoja na kukurudishia uvumi ukiwa umevaa suti. Mkulima hana jina humu, na sababu yake nitaieleza.

Kuhusu vyombo, ushauri wangu ni mmoja: andika kwa maandishi matupu. Mfumo wa Markdown, alioutoa John Gruber mwaka 2004, ni faili la kawaida la herufi lenye alama chache, nyota kwa msisitizo na alama ya reli kwa vichwa. Linafunguka kwenye simu ya bei nafuu, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, na litafunguka miaka thelathini ijayo. Huduma za kampuni hufungwa. Google Reader ilifungwa mwaka 2013, Google+ ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019, na zote mbili zilikuwa za kampuni yenye fedha kuliko nchi nyingi. Faili lililo kwenye kompyuta yako halingoji uamuzi wa kikao cha watu usiowajua. Tena halina uzito wowote: kumbukumbu elfu moja za ukurasa mmoja mmoja hazizidi megabaiti chache, sawa na picha moja au mbili za simu. Hata bando dogo linatosha kuzipeleka nakala mahali pengine.

Mimi natumia Obsidian, programu iliyotoka mwaka 2020, ambayo kimsingi ni kioo cha kutazamia folda yako. Ukiandika jina la faili jingine ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, linakuwa kiungo. Hailipiwi, isipokuwa huduma za ziada kama kuoanisha vifaa. Zipo nyingine za jinsi hiyo, na anayependa kuandika kwa programu sahili kabisa iliyokuja na kompyuta yake hapungukiwi na kitu muhimu. Nimeona watu wakimaliza miezi kuchagua programu na rangi za folda, na ndani yake hamna kumbukumbu hata kumi. Fungua folda leo, uandike.

Sasa kuunganisha. Njia nyepesi ni kupakia nyaraka kwenye huduma iliyoundwa kwa kazi hiyo. NotebookLM ya Google, iliyoanza mwaka 2023, hujibu kwa kutegemea nyaraka ulizoipa na kuweka namba inayokupeleka kwenye sentensi ilikotoa jibu. ChatGPT, Claude na Gemini nazo zina sehemu ya kuweka mafaili ya mradi mmoja. Kwa mwanafunzi mwenye nyaraka ishirini za tasnifu, hapo pametosha. Njia ya pili ni ya programu ya msaidizi iliyo kwenye kompyuta yako kupewa ruhusa ya kufungua folda yenyewe, kutafuta, kusoma na kurudi na jibu. Mengi ya hayo yanapita kwenye itifaki iitwayo MCP, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024 na kukubaliwa mwaka uliofuata na washindani wake wakubwa. Faida ya njia hii ni kwamba huna haja ya kupakia upya kila unapoongeza kumbukumbu, maana anasoma folda kama ilivyo leo. Matoleo ya kawaida ya kulipia ya wasaidizi hawa huwa karibu dola 20 za Marekani kwa mwezi. Si fedha ndogo kwa mtu wa mshahara wa kwetu, na ningeanza na ya bure mpaka niujue mpaka wake.

Inafaa kujua kinachotokea ndani, kwa sababu ndicho kinachoeleza kwa nini majibu mengine huwa mazuri na mengine hovyo. Huduma nyingi hukata maandishi yako vipande vidogo, kila kipande hugeuzwa kuwa safu ndefu ya namba, na vipande vyenye maana zinazokaribiana hupata namba zinazokaribiana. Swali lako nalo hugeuzwa namba. Vipande vilivyo karibu zaidi na swali huchukuliwa, huwekwa mbele ya modeli pamoja na swali, na modeli huandika jibu kutokana na hivyo. Mbinu hii ilielezwa na kupewa jina mwaka 2020 na Patrick Lewis na wenzake, wengi wao wa maabara ya Facebook.

Kutokana na hapo mambo mawili yanafuata. Kwanza, kipande kilichokatwa katikati ya maelezo hupoteza kichwa chake. Ikiwa aya ya kwanza inasema unamzungumzia mnunuzi wa Chake Chake na aya ya tano inasema tu “alipunguza bei,” aya ya tano inaweza kuokotwa peke yake na mnunuzi akapotea. Kwa hiyo rudia jina la mahali na la jambo katika kila aya. Mwalimu wa insha angekukatia alama kwa kurudia, lakini hapa kurudia ndiko kunakoliokoa jibu.

Pili, maswali ya kuhesabu huharibika. Ukiuliza “wakulima wangapi wameniambia kotonii imekufa,” mashine iliyookota vipande vinane itahesabu vilivyomo katika vinane hivyo na kukujibu bila wasiwasi. Kumbe kumbukumbu zinazohusika ni nyingi zaidi. Kwa swali la namna hiyo mwagize afungue mafaili yote ya folda moja baada ya jingine, au, vizuri zaidi, weka juu ya kila faili mistari michache isiyobadilika mpangilio: mahali, tarehe, zao, aliyesema, nilivyojua. Mistari hiyo huhesabika hata bila akili mnemba. Na usidhani kwamba kumpa kila kitu kwa mkupuo kunamaliza tatizo. Utafiti wa Nelson Liu na wenzake wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli zilizopewa maandishi marefu zilitumia vizuri zaidi yaliyo mwanzoni na mwishoni, na yaliyo katikati zikayapita. Modeli zimeboreshwa tangu hapo, lakini kumpa machache yanayohusika bado kunaleta jibu safi kuliko kumrundikia.

Kiswahili chetu kina mambo yake humu. Modeli husoma maandishi kwa vipande viitwavyo tokeni, na mgawanyo huo ulipangwa kwa kufuata maandishi yaliyokuwa mengi. Neno la Kiingereza la kawaida mara nyingi huwa tokeni moja. “Hawakutuambia” inaweza kukatwa tatu, nne au zaidi. Kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili hula nafasi kubwa kuliko ukurasa wa maana ile ile kwa Kiingereza, na pale unapolipia kwa tokeni, mwenye Kiswahili hulipa zaidi kwa kazi ile ile. Ni dhuluma iliyojengwa ndani ya chombo, na wanaotengeneza modeli wanapaswa kuulizwa juu yake kila wanapokuja kutangaza kwamba sasa lugha yetu imo.

Wengine wakiona hivyo huanza kuandika kumbukumbu zao kwa Kiingereza. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkulima aliyesema kwa Kiswahili, tena cha Makunduchi, ukimwandika kwa Kiingereza umeshatupa nusu ya alichosema kabla msaidizi hajafungua faili. Andika alivyosema. Kisha tengeneza faili moja la maneno ya kazi unayoifuatilia, kila neno na maelezo ya mstari mmoja: pepo na miezi yake, hali za maji kupwa na kujaa, vipimo vya sokoni, majina ya maeneo ambayo hayamo kwenye ramani. Mwagize msaidizi alisome faili hilo kwanza. Majibu yangu yalibadilika zaidi kwa faili hilo moja kuliko kwa kubadilisha modeli.

Utafutaji nao una tabu yake. Programu ya kawaida hutafuta herufi kama zilivyo. Tafuta “lima” utapata wanalima na hawakulima, lakini kilimo itakupita. Punguza uandike “lim” uletewe kilimo pamoja na mwalimu na ulimi. Utafutaji wa maana, ule wa namba, huokoa hapa: ukiuliza nani aliacha kilimo cha mwani, unaweza kuletewa kumbukumbu inayosema “hajarudi baharini tangu Ramadhani” ingawa neno lenyewe halimo. Sharti ni kwamba chombo cha kugeuza maandishi kuwa namba kiwe kimefundishwa kwa lugha nyingi. Zipo programu za kujiwekea mwenyewe ambazo zimepangiwa kile cha Kiingereza tangu kiwandani, na mtu anaweza kudhani kumbukumbu zake ni mbaya kumbe ni mpangilio tu.

Ujumbe wa sauti pia unaingia. Modeli ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, hugeuza sauti kuwa maandishi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Kwa Kiswahili hukosea zaidi kuliko kwa Kiingereza, hasa penye upepo wa pwani na majina ya watu. Sauti yenyewe usiifute, na kila namba uisikilize upya kwa masikio yako.

Msaidizi wangu ana faili la maagizo analolisoma kila mara tunapoanza, na sehemu kubwa yake inahusu ukweli. Linasema: jibu kutoka kwenye kumbukumbu hizi tu; kila dai liambatane na jina la faili na tarehe; tenganisha niliyoona na niliyoambiwa; kumbukumbu mbili zikipingana, nionyeshe zote mbili, usizipatanishe; kama jambo halimo, sema halimo. Agizo la kutopatanisha lina thamani kuliko linavyoonekana. Mashine hizi zina mwelekeo wa kulainisha. Mkulima akisema maji yalipata moto na mnunuzi akisema mbegu zilikuwa mbovu, zitakuandikia sentensi moja tulivu inayowapa wote haki kidogo, na habari yenyewe, ambayo ni kule kupingana, itakuwa imekufa.

Hata hivyo maagizo hayamzuii kabisa kubuni. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, baada ya kuwasilisha hukumu za mahakama zilizobuniwa na ChatGPT, zenye majina na namba za kesi zilizoonekana halisi. Uzuri wa hazina yako mwenyewe ni kwamba uthibitisho unapatikana kwa kubofya mara moja. Jibu limetaja faili? Lifungue. Sentensi imo? Basi. Haimo? Jibu lote lirudishwe. Nisingetoa gazetini sentensi yoyote iliyotoka kwa msaidizi bila hatua hiyo, na sijui kwa nini mwalimu au daktari atoe.

Kuna suala la siri, na hapa sina upole. Unapomwunganisha msaidizi wa kampuni na folda yako, maandishi anayoyasoma husafiri hadi kwenye seva zilizo nje ya nchi. Watu walioniamini na maneno yao hawakuikubali safari hiyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Zote zinagusa usafirishaji wa taarifa za watu nje ya mipaka. Lakini kabla ya sheria kuna ahadi. Ndiyo sababu kumbukumbu zangu za mwani hazina majina: kila mtu ana herufi na namba, na funguo ya herufi hizo iko kwenye daftari la karatasi. Folda ya mambo mazito, ya mtu anayemlalamikia bosi wake au mgonjwa aliyenieleza hali yake, iko nje kabisa ya eneo ambalo msaidizi ameruhusiwa. Soma pia mipangilio ya huduma unayotumia uone kama mazungumzo yako yanatumika kufundishia modeli, na uzime hapo ukiweza.

Anayetaka kitu kisitoke ndani ya nyumba anaweza kuendesha modeli ndogo kwenye kompyuta yake. Programu ya Ollama ni ya bure, na modeli za wazi kama Gemma ya Google, Llama ya Meta au Qwen ya Alibaba hupakuliwa mara moja, kisha unaweza kuzima intaneti. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itaendesha zile ndogo kwa mwendo wa kobe, na yenye 16 itapumua zaidi. Kiswahili cha modeli ndogo bado ni dhaifu: hupotea kwenye ngeli na kuchomeka Kiingereza. Kwa kazi ya kutafuta na kunionyesha faili inatosha. Muhtasari wake siutegemei.

Tahadhari moja zaidi kwa wanaohifadhi kurasa za intaneti na barua pepe humo humo. Maandishi ya mtu mwingine yanaweza kuficha amri kwa msaidizi wako, kwa mfano kumtaka apeleke faili fulani mahali. Hatari hii ilipata jina lake mwaka 2022 na mpaka sasa haijapata dawa kamili. Mpe msaidizi ruhusa ya kusoma tu, asifute wala asitume, na nakala za folda ziwe mahali pawili, moja ikiwa haijaunganishwa na kompyuta.

Nimebaki na jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza, na sasa ndilo ninalolitumia zaidi. Badala ya kumwuliza msaidizi ninajua nini kuhusu mwani, humwuliza ni nini ambacho kumbukumbu zangu hazina. Hupitia ile mistari ya juu, mahali na tarehe na aliyesema, na kunipangia mapengo. Kwa zao hili alinionyesha kwamba karibu kumbukumbu zote ni za Unguja, upande wa mashariki, ingawa Pemba inalima mwani mwingi. Kwamba nimezungumza na wakulima msimu wa kaskazi, na kipindi cha kusi kimebaki karibu kitupu. Kwamba bei nimeisikia kwa wanaouza tu, na mnunuzi hajaulizwa hata mmoja, ingawa kile kipande cha Paje kiliandika wazi kwamba kazi hiyo ipo. Kila pengo alilitaja pamoja na mafaili yanayolithibitisha, nikayafungua, na ni kweli. Kusi likianza kuvuma nitapanda boti ya kwenda Mkoani, Pemba, na maswali ya kwanza kwenye daftari ni ya wanunuzi: wanapima vipi ukavu wa mwani, nani anayepanga bei, na mkulima huambiwa lini.